Sikio la Utingo

Mjomba wangu alikuwa na kipande cha nondo, kirefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Alikikata mwenyewe, akakizungushia tyubu kuukuu upande wa kushikia ili kisimteleze, na miaka yote aliyokuwa utingo wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kipande hicho hakikutoka nyuma ya kiti cha dereva. Nilisafiri naye mara moja tu, nikiwa darasa la sita, likizo ya mwezi wa sita. Lori liliposimama Ruaha Mbuyuni usiku, dereva akashuka kunyoosha miguu kabla ya kuukabili mlima Kitonga. Akina mama wa vitunguu walikuwa wameshaanza kusogea na ndoo zao. Mjomba alichukua nondo yake, akaanza kulizunguka lori.

Tairi moja, pigo moja. Ngi. Ngi. Ngi. Nondo inagonga, inaruka, inarudi mkononi kama iliyosukumwa. Alipofika nyuma ya tela akasimama, akagonga mara ya pili palepale.

Bu.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilitazama. Matairi mawili yamebanana bega kwa bega, yote yamesimama wima. Nikamwambia, sioni kitu, mjomba.

"Sijakuuliza umeona. Umesikia?"

Nilisikia, ila sikujua nimesikia nini. Ilinichukua miaka mingi, na gari langu mwenyewe, kuelewa kwa nini mtu mwenye macho mazuri vile, aliyeweza kumtambua twiga Mikumi kabla sisi hatujaona hata mti, alikuwa hayaamini macho yake kwenye jambo la matairi.

Lori lile lilikuwa na matairi 22, mengi yakiwa yamefungwa mawilimawili kila upande wa ekseli. Tairi moja likipungua upepo, lenzake hulibebea mzigo. Halilali, halichechemei, haliuvuti usukani. Ukilimulika kwa tochi utaapa kwamba ni zima. Kumbe huku lenzake linabeba mzigo wa mawili, na huku lenyewe linajikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, ubavu wake unachemka polepole kilomita baada ya kilomita, mpaka mpira na nyuzi zilizomo ndani yake vinaachana. Ukipita barabara ile mchana utaviona vipande vyeusi vilivyotupwa kando, vingine virefu kuliko mtu. Si vyote vimetokana na msumari. Vingi vimetokana na joto, na joto lile limetokana na upungufu ambao hakuna aliyeuona kwa sababu ulikuwa umefichwa na jirani mwema.

Nimelifikiria sana neno letu la jambo hili. Gereji hatusemi hewa. Tunasema kujaza upepo, kupima upepo, tairi limeisha upepo. Hewa ni ile iliyopo tu, imekaa. Upepo ni ile inayokwenda. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye kaskazi na kusi anajua kwamba upepo una majira yake, unakuja na unaondoka, na nahodha hauweki akiba. Kwa hiyo kuna ajabu kidogo kukiita upepo kitu tulichokifungia ndani ya mpira na chuma ili kisitoke. Zamani nililiona neno hilo kuwa kosa la mtaani. Sasa naamini waliolichagua waliona mbali. Kilichomo ndani ya tairi hakijakaa. Kinaondoka kila siku, bila pancha, bila tundu lolote la kuonekana, kikipenya kwenye mpira wenyewe, kwenye kingo za rimu na kwenye vali. Kwa psi, kipimo cha upepo cha gereji, tairi zima kabisa la gari dogo hupoteza kati ya 1 na 2 kwa mwezi. Ukilijaza mwezi wa Ramadhani ukalisahau, miezi mitano baadaye unaendesha kitu kingine kabisa, na hakuna siku hata moja katikati ambayo ungeweza kuinyooshea kidole ukasema, hapa ndipo lilipobadilika.

Na upepo huo ndio unaotubeba. Siku moja nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Gari langu likiwa na abiria wanne na mizigo yao lina kilo 1,500 hivi. Kila tairi linabeba kama kilo 375. Kwa psi 33, eneo la tairi linalogusa lami ili kuubeba uzito huo ni sentimita za mraba 160 hivi, sawa na kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne. Wanangu wamelala kiti cha nyuma, mvua inanyesha Chalinze, basi linatupita kwa kasi, na kinachotushikilia barabarani ni viganja vinne vya mpira vilivyosimamishwa na upepo. Tangu nipige hesabu ile sijawahi tena kuingia garini bila kutazama chini.

Robert William Thomson, kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 23, ndiye aliyepata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845. Dunia ilikuwa haijawa na gari wala baiskeli ya kulihitaji, ikamsahau. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akapata hataza yake mwaka 1888, kisha akaambiwa kwamba Mskoti mwenzake alishamtangulia kwa zaidi ya miaka 40. Nampenda Dunlop kwa sababu alianza na mtoto aliyekuwa anarushwarushwa na mawe ya barabarani. Ila wote wawili walituachia kazi ambayo gurudumu la mbao halikuwa nayo. Gurudumu la mbao likiharibika linavunjika, na kila mtu anaona. Gurudumu la upepo linataka mtu wa kulijulia hali.

Taa ya tairi iliyopo kwenye dashibodi za magari ya siku hizi, ile ya rangi ya manjano inayofanana na chungu kilichofunguka juu na alama ya mshangao katikati, imezaliwa na misiba. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer. Ngozi ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa kwenye mwendo mkali, na gari linapinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kampuni hizo mbili zilibishana kuhusu nani wa kulaumiwa, na moja ya hoja ilikuwa upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone baadaye ikasema ilitakiwa iwe 30. Psi 4. Kabla mwaka huo haujaisha Marekani ilipitisha sheria iliyotaka magari yawe na chombo cha kumwonya dereva tairi linapopungua, na kuanzia Septemba 2007 kila gari jipya dogo lililouzwa kule lilipaswa kuwa nacho. Ulaya ilifuata: Novemba 2012 kwa aina mpya za magari, Novemba 2014 kwa kila gari jipya.

Katikati ya tarehe hizo kuna jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Kuna namna mbili za kuijua hali ya tairi. Ya kwanza ni kuweka kipimo ndani ya gurudumu lenyewe, kwenye vali, kiwe na betri yake na redio yake ndogo, kipeleke namba kwenye kompyuta ya gari. Ya pili haipimi upepo kabisa. Inahesabu mizunguko ya kila gurudumu kwa kutumia vifaa vya breki za ABS. Tairi lililopungua linakuwa fupi kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko yenzake, na gari linajua kwamba mmoja kati ya wanne si mzima. Ni akili nzuri, na ni rahisi. Kanuni ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 2002, iliikubali. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaitupa kanuni hiyo, kwa sababu mfumo unaolinganisha gurudumu na gurudumu hauna la kusema matairi yote manne yakipungua pamoja.

Na matairi ndivyo yanavyopungua! Msumari ni bahati mbaya ya siku moja. Kupungua kwa pamoja ni kwa kila siku. Manne yaliyojazwa asubuhi moja na fundi mmoja yatashuka kwa mwendo mmoja, na kila moja likimtazama jirani yake litaona kwamba hali ni ya kawaida. Nikiisoma habari ile nilirudi moja kwa moja Ruaha Mbuyuni, kwenye yale matairi mawili yaliyobanana. Ugonjwa uleule wa kumpima mtu kwa mwenzake. Nondo ya mjomba haikulinganisha. Ililiuliza kila tairi peke yake, na kila tairi lilijibu kwa sauti yake.

Kanuni mpya ya 2005 ilitaka dereva aonywe iwe limepungua tairi moja au yote manne. Wahandisi wa ule mfumo wa pili hawakukata tamaa. Wakaufundisha kusikiliza mtetemo wa gurudumu, kwa kuwa tairi hutetemeka tofauti kadiri linavyopoteza ukakamavu wake. Yaani walimaliza safari ndefu ya hesabu na maabara wakafika pale alipokuwa amesimama mjomba na nondo yake: piga, sikiliza inavyorudi.

Gari langu lilitumika Uingereza kabla halijafika kwangu, na lina ule mfumo wa kwanza. Wiki niliyolitoa bandarini taa ilikuwa inamulika kwa kupepesa kila nilipowasha, kama dakika moja hivi, kisha inatulia ikabaki inawaka. Nilimuuliza fundi wa pancha karibu na nyumbani, kijana mwenye mikono ya kweli, ambaye nimemwona akizungusha povu la sabuni kwenye vali kwa uangalifu wa mtu anayemwosha mtoto.

"Dada, hiyo taa haina shida. Magari haya ya Ulaya yote yanawaka hivyo. Nikutafutie mtu aizime?"

Simlaumu. Amewaona wengi wakiishi na taa hiyo mpaka ikawa sehemu ya mapambo. Lakini kitabu cha gari kilisema jambo ambalo ningependa kila dereva alijue. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, tairi limepungua. Ikipepesa kwanza ndipo ikabaki, chombo chenyewe kinaumwa. Hakioni, na kinakiri kwamba hakioni. Betri za vile vipimo hudumu kati ya miaka 5 na 10, na hazibadilishwi peke yake. Wengine huvivunja kwa chuma cha kutolea tairi bila kujua vimo, au huvitoa wakaweka vali za mpira za kawaida. Kwangu, tulipofungua, viwili vilikuwa vimekufa na kimoja hakikuwepo kabisa.

Nikaacha kwa muda, kwa kuwa vipya vina gharama. Na hapo ndipo nilipoona hatari ambayo sikuitegemea. Asubuhi moja, na geji niliyoinunua Kariakoo, nilipima tairi la nyuma kushoto nikapata 19. Nikapima tena. 19. Kulikuwa na msumari uliozama hadi kichwani. Kiwango cha gari langu ni 33, na taa hupaswa kuwaka tairi linapopoteza sehemu moja ya tano, yaani karibu na 26. Lilikuwa limeshavuka hapo siku kadhaa, na taa haikuweza kuniambia lolote, kwa sababu ilikuwa inawaka tayari. Usiku wa kabla yake nilikuwa nimewarudisha watoto kutoka Bagamoyo. Nilikaa kwenye ngazi za mlangoni na geji mkononi mpaka jua likafika miguuni.

Tulibadilisha vyote vinne. Sasa taa yangu imezimika na ninaiheshimu, lakini nimejifunza inaanzia wapi kusema. Sehemu nzima ya tano. Kati ya 33 na 26 kuna psi 7 za kimya, na ndani ya kimya hicho tairi linalika pembeni, mafuta yanaliwa zaidi, breki kwenye maji zinachelewa, ubavu unachoka. Taa haikutengenezwa kwa ajili ya eneo hilo. Ilitengenezwa kwa ajili ya ukingo wake wa mwisho. Hapa katikati panamhusu mwenye gari.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu, ila kuna mambo tunayoyakosea kwa nia njema. Namba sahihi haiko ubavuni mwa tairi. Ile ni ya juu kabisa ambayo tairi linaweza kuhimili, na nimeona mafundi wakijaza hadi hapo kisha gari likawa linadunda kama mpira. Namba sahihi iko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yanayotoka Japani yana stika iliyoandikwa kwa Kijapani na vipimo vya kPa, na fundi mwenye geji ya psi hukata tamaa mara moja. 220 ni psi 32. 230 ni 33 na kitu. Chukua kalamu, iandike pembeni ya stika.

Na tairi lipimwe likiwa baridi, gari limelala au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwezi wa saba uliopita nilikwenda Iringa kumwona mjomba. Niliondoka Dar alfajiri na 33 kila tairi. Morogoro, jua limeshapanda na lami inachemka, geji ilisoma 37. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai jirani na gari alinihurumia. "Mama, punguza upepo, joto hili litakupasulia tairi." Wengi wanaamini hivyo, na inasikika kama busara. Lakini zile 4 zilizozidi zimeletwa na joto la safari, na aliyeweka ile 33 kwenye stika alishajua kwamba zitakuja. Ukizitoa, tairi likipoa unabaki na 29, na tairi la 29 linajikunja zaidi, na linalojikunja zaidi ndilo linalochemka. Unakuwa umelipunguza kwa kuogopa kupasuka, ukalisogeza karibu na kupasuka. Nilimshukuru mzee, nikamweleza nilivyoweza, nikaendelea.

Asubuhi ya pili, Kihesa, baridi ya Iringa imekaza, nyasi zina umande, nilishuka na geji nikiwa nimejifunga kanga mbili. Nilikuwa na swali langu. Mji ule uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Geji haipimi upepo wa ndani peke yake. Inapima tofauti kati ya wa ndani na wa nje, na huko juu wa nje umepungua nguvu. Kwa kupanda pekee nilitarajia psi 2 na nusu zaidi. Lakini baridi nayo inabana: tangu asubuhi ya Dar joto lilikuwa limeshuka nyuzi 13 hivi, na hizo hupunguza psi 2 na ushee. Nikapima. 33. Mlima ulikuwa umeongeza, baridi imeondoa, na namba ikarudi karibu palepale nilipoiacha pwani, kana kwamba gari halikwenda popote.

Mjomba alitoka na kikombe chake cha uji. Nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza nikimweleza habari za vipimo vyenye redio, za mahakama ya Marekani, za magurudumu yanayosikilizwa mtetemo. Alifurahi sana na hilo la mtetemo. Akaniomba nilirudie. Kisha akaweka kikombe chini, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akagonga tairi la mbele kwa kifundo cha kidole. Akaenda la pili. La tatu. La nne. Tairi la gari dogo halilii kama la lori, lakini alikuwa ameinamisha kichwa kama zamani, jicho moja limefumbwa.

"Haya mazima, mama. Na la tano?"

Sikumwelewa.

"La akiba. Hicho kiredio chako kimo?"

Hakimo. Gari langu halilihesabu tairi la akiba, na mimi sikuwa nimelipima tangu siku lilipotoka bandarini. Tukafungua nyuma, tukashusha gunia la viazi alilokuwa ameshanifungia, tukashusha ndoo ya asali, tukainua zulia. Mjomba akapiga kwa kifundo cha kidole, nami safari hii nikasikia kabla hajaniuliza. Nikaweka geji. 12.

"Hapo kona ya pili kuna kijana ana kompresa," akasema, akianza kulifungua. "Anaamka mapema."